Tume ya Bongo Timamu

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi ijayo bongo zenu zitakuwa chini ya uangalizi wa Tume. Hakuna atakayesumbuliwa wala atakayeulizwa. Kila mmoja aendelee kuutumia ubongo wake kama alivyozoea mpaka atakapoarifiwa vingine."

Tangazo hilo lilisomwa redioni mwaka wa tisini na tisa, mara tu baada ya taarifa za vifo, na Bwana Masoud Sami, aliyeliandika kwa mkono wake mwenyewe, alilisikiliza akiwa amesimama. Mkewe, Bi Rasha, alikuwa amekaa chini akichambua mchele.

"Hiyo 'vingine' ndo nini?" aliuliza. "Mtakuja kutunyang'anya?"

"Hiyo ni lugha ya kiofisi," alisema Bwana Masoud. "Lugha ya kiofisi haiulizwi maana."

Jina kamili la chombo hicho lilikuwa Tume ya Kuratibu, Kufuatilia na Kuendeleza Utimamu wa Bongo. Mchapaji alilalamika kwamba jina refu hivyo halienei kwenye karatasi, akachapa "TUME YA BONGO", na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Nusu ya watu wa Darajani walielewa kwamba imefunguliwa ofisi ya kushughulikia mambo ya Dar es Salaam. Wiki ya kwanza walifika wasafiri wanaouliza saa za boti, na bwana mmoja aliyekuja kumshitaki mpwa wake aliyehamia Kariakoo na haandiki barua. Tume ilikaa kikao cha dharura. Iliamuliwa kwamba, kwa kuwa karatasi zimeshachapishwa, neno hilo lisomwe kwa herufi ndogo. Redioni, ambako herufi ndogo haisikiki, msomaji aliagizwa ashushe sauti kidogo akifika hapo.

Bwana Masoud alikuwa Katibu wa Tume, na fikra yote ilikuwa yake. Alikuwa ameipata katika semina ya nchi ya baridi, ambako profesa mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwikoni alieleza kwamba vyeti vya dawa, vile vikaratasi anavyoandika daktari na mgonjwa akavipeleka dirishani, vikikusanywa vya mji mzima na kusomwa kwa utulivu, vinaweza kuonyesha ubongo wa mtu unaanza kuchoka miaka mingi kabla mwenyewe hajajua. Nani ameanza dawa ya usingizi, nani ya wasiwasi, nani ya kizunguzungu, na nini kikafuata. Ukumbi mzima ulikuwa unasinzia. Bwana Masoud alilia. Mama yake, katika mwaka wake wa mwisho, alikuwa akimuuliza kila asubuhi, kwa adabu kabisa, kama yeye ni mgeni wa nani. Laiti mtu angelijua mapema. Kwa hiyo ieleweke kwamba fikra ilikuwa njema na machozi yalikuwa ya kweli. Ila alipokuwa ndani ya ndege akirudi nyumbani, aliiboresha.

Uboreshaji wa kwanza ulikuwa kuzigawa bongo katika madaraja matatu: timamu, nusu timamu, na ubongo unaostahiki kupumzishwa. Uboreshaji wa pili ulisema kwamba mtumishi yeyote wa Tume atakayeangukia daraja la tatu atastaafishwa siku hiyo hiyo, kwa heshima na shada la maua. Uboreshaji wa tatu, ambao Bwana Masoud aliupenda kuliko yote, ulisema kwamba mtu atakayekana matokeo yake, kukana huko kutahesabiwa kuwa dalili.

Watu wa ofisini hawakuhitaji kuambiwa kanuni hizo zimeshonwa kwa kipimo cha nani. Makamu Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mzee Pandu, mtu mpole wa Makunduchi aliyeanza kazi ya serikali tangu wenziwe wengi ofisini hawajazaliwa. Mzee Pandu alikuwa na chumba cha ghorofani chenye madirisha ya baharini na upepo wa bure mchana kutwa. Chumba cha Bwana Masoud kilitazama jiko la mkaanga samaki, na kila barua aliyoitia saini ilinuka papa. Lakini Mzee Pandu ndiye aliyekuwa akisahau. Alikuwa akitafuta miwani yake huku ameivaa. Alikuwa akimwita Bwana Masoud kwa jina la babaake, na kisa cha punda aliyeingia kwenye gwaride alikuwa akikihadithia leo na kesho akikihadithia tena. Mwenye macho alikuwa anaona. Kilichobaki kilikuwa karatasi, na karatasi zilikuwa kwenye dirisha la dawa.

Basi Jumamosi hiyo Bwana Masoud alishuka mwenyewe mpaka dispensari ya Mlangokuu, amevaa koti, akifuatwa na mchukuzi mwenye magunia matupu ya karafuu. Foleni ilitoka dirishani, ikapita barazani na kupinda kona ya uchochoro. Nyuma ya nondo za dirisha alikaa Bi Mwanamkasi, mtoa dawa, mwenye sauti ya kuitia watu wa mtaa wa pili.

"Asalaam alaykum, Bi Mwanamkasi."

"Waalaykumu salaam. He! Bwana Masoud! Leo umekuja mwenyewe? Kuna msiba?"

"Nimekuja kwa jambo la kitaalamu. Nachukua vyeti vyote vya dawa vya miaka mitatu."

"Vyote? Na vyenye jina lako?"

"Hivyo ndivyo vya mwanzo. Katika utafiti hakuna mkubwa."

"Haya, baba. Lakini hilo jina lako weye..."

"Jina langu lisikutie khofu."

"Halinitii khofu," alisema Bi Mwanamkasi. "Linantia kazi."

Bwana Masoud angemuuliza maana yake, lakini hapo hapo alisikia akiitwa kutoka mwisho wa foleni. Alikuwa Bi Mwatum, shangazi wa mkewe, aliyekuja kutoka Chwaka na kikapu cha ndimu kichwani.

"Masoud, mwanangu! Nshasimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi!"

"Shikamoo, shangazi. Pita mbele, pita. Bi Mwanamkasi, mpe huyu bibi dawa yake ya usingizi. Andika jina langu."

"Kama kawaida," alisema Bi Mwanamkasi, akaandika.

Kwa asiyekuwa mwenyeji, ieleweke kwamba kwenye dirisha la Mlangokuu mtu alikuwa hataji jina lake ikiwa lipo kubwa zaidi karibu. Anayesema "mimi ni fulani" alikuwa akipanga foleni. Anayesema "nimetumwa na Bwana fulani" alikuwa akihudumiwa hapo hapo, na cheti kikiandikwa jina la huyo Bwana, ili siku ya ukaguzi ijulikane ni kwa nini hakusimama. Bwana Masoud alikuwa mkarimu mno wa jina lake. Alilitoa kwa jamaa, kwa majirani, kwa fundi wake wa cherehani, na kwa watu aliokutana nao mara moja tu kwenye kahawa. "Nendeni, mtajeni Masoud," alikuwa akisema, na usiku akilala akijiona ametoa sadaka. Haikumjia akilini hata siku moja kwamba mkono wa sadaka na mkono wa takwimu unaweza kukutana.

Magunia yalipandishwa ofisini. Kwa wiki kadhaa jengo zima lilinuka karafuu, na Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Mabrouk, alilalamika kwamba kila akiingia kazini anatamani pilau. Kazi ya kuvipanga vyeti alipewa Sumaiya, mtakwimu kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, msichana wa kufuata kanuni neno kwa neno. Kanuni ilisema cheti ni cha mtu ambaye jina lake limeandikwa. Sumaiya akavipanga hivyo. Alipomaliza, alikwenda kusimama mlangoni kwa Bwana Masoud, uso umemparama.

"Bwana Masoud, naomba uyatazame matokeo kabla ya mkutano wa kuyatangaza."

"Kifungu gani kinaniruhusu?"

"Hakuna. Umeandika mwenyewe kwamba yafungwe kwa lakiri."

"Basi lakiri ifungwe."

"Lakini nnakuomba..."

"Niambie kitu kimoja tu. Mzee Pandu yumo?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi? Mtu anatafuta miwani kwa kutumia hiyo hiyo miwani!"

"Hana cheti hata kimoja, Bwana. Kwa mujibu wa kanuni, ubongo wake ni timamu kushinda wote ofisini."

Habari hiyo ilimuuma Bwana Masoud, lakini hakukata tamaa. Alijisemea kwamba siku ya mkutano ataomba Mzee Pandu apimwe hadharani, kwa kuulizwa jana amekula nini. Sumaiya akaenda kuifunga lakiri.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wenye feni, mbele ya redio na mbele ya mgeni wa heshima kutoka kwa wafadhili, mama mmoja mwembamba aliyekuwa na mkalimani pembeni. Mheshimiwa Mabrouk alifungua kwa hotuba kuhusu umuhimu wa ubongo katika maendeleo. Alisema nchi nyingi zimefanikiwa kwa kuwa nao. Kisha lakiri ikavunjwa, na Sumaiya akaanza kusoma.

Alianza na habari njema. Wachukuzi wa bandarini walikuwa na bongo timamu kabisa. Wauza urojo vile vile. Wanawake wa mwani wa Chwaka, Bi Mwatum akiwa mmoja wao, hawakuwa na rekodi ya dawa ya usingizi, ya wasiwasi wala ya kichwa. Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni aliandika kitu.

"Jambo la pili lililogundulika," alisoma Sumaiya, "ni kwamba ubongo huharibika kadiri cheo kinavyopanda."

Mkalimani alinong'ona, na mgeni akaandika tena, safari hii akapiga mstari chini yake.

"Aliyeathirika kuliko wote visiwani," aliendelea Sumaiya, sasa karibu analia, "ni Bwana Masoud Sami, Katibu wa Tume. Katika muda wa utafiti ametumia dawa ya kupata usingizi na dawa ya kuzuia usingizi. Ametumia dawa ya kifafa cha watoto. Ametumia dawa ya wasiwasi unaowapata akina mama waliojifungua, mara mbili."

Bwana Masoud aliinuka. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Si kweli!"

"Andika," alisema Mheshimiwa Mabrouk kumwambia karani. "Amekana."

"Dawa hizo sikumeza mimi! Watu wametumia jina langu!"

"Watu gani?"

"Wengi! Shangazi wa mke wangu, fundi cherehani, majirani, mimi hata nusu yao siwajui!"

"Andika," alisema Mheshimiwa. "Anadai yeye ni watu wengi, na nusu yao hawajui."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana Masoud alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumwonea huruma, akaupata mmoja tu. Mzee Pandu alikuwa anainuka polepole, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Mheshimiwa, huyu asionewe," alisema. "Maneno yake kweli. Hata mie dawa yangu nnachukua kwa jina lake. Vile vidonge vya kumbukumbu. Alinambia mwenyewe pale ngazini, siku ya mvua, 'Mzee usisimame foleni, nenda utaje Masoud.' Nikamwombea dua. Kila mwezi nnakwenda namtaja Masoud, nnapewa." Aliziinulia macho feni za dari. "Ukumbi huu, mwajua, ndimo alimoingia yule punda."

Hapo Bwana Masoud alikaa. Aliona kila kitu kwa mara moja, na kilichomchoma zaidi hakikuwa cheo. Ugonjwa alioutafuta ulikuwepo kweli. Ulikuwa kwenye vyeti vile vile, mwezi baada ya mwezi, unakwenda kama profesa alivyosema, ila ulikuwa umeandikwa jina lake yeye. Mzee wa watu alikuwa anaanza kupotea, kama mama, na karatasi zilikuwa zimemtangaza timamu. Alitaka kusema hivyo, lakini kwa kanuni za Tume yeye alikuwa hana tena ubongo wa kusemea.

Mheshimiwa Mabrouk aligonga meza. "Tumemshukuru Makamu kwa utu wake. Lakini takwimu ni takwimu, na Tume haitababaishwa na ushahidi. Sumaiya, endelea. Wa pili ni nani?"

Sumaiya alimtazama. Alitazama karatasi. Alimtazama tena.

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Mimi nani?"

"Andika," karani alijinong'oneza kwa mazoea, akaandika. "Ameuliza yeye ni nani."

Kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai. Wakubwa wote, wale ambao majina yao yalikuwa bado hayajasomwa na kila mmoja akijua kwamba yamo, waliingia chumba cha ndani na sahani za sambusa, mlango ukafungwa. Bwana Masoud aliingia nao kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumzuia.

Suala lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulibeba. Wakisema Mzee Pandu amesema kweli, basi bongo zao zote zimepona papo hapo, lakini itabidi wamweleze yule mama mwembamba, mbele ya redio, kwamba dawa za foleni nzima zimekuwa zikipita kwa majina yao miaka yote. Wakisema takwimu ni sahihi, basi siri ya dirisha imesalimika, lakini wao ni vichaa.

"Hatuwezi kusema tulikosea tu?" aliuliza mmoja.

"Kukana ni dalili," alisema Bwana Masoud, kwa sauti ya mtu aliyekwisha zama.

"Na kichaa, watu watamwonea huruma?" aliuliza Mheshimiwa Mabrouk.

"Kichaa anaonewa huruma, Mheshimiwa," alijibu Bwana Masoud. "Mpendeleaji anakaguliwa."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Kwa kauli moja, bila mabishano, wakubwa wa Tume walipitisha azimio kwamba wao ni wagonjwa.

Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa mwenyewe, kwa ufasaha uliomshangaza kila mtu ukizingatia hali yake. Alisema uongozi umeupokea ukweli kwa ujasiri, na kwamba kanuni zitafuatwa. Shada la maua lilikuwa moja tu, lililoagizwa na Bwana Masoud kwa ajili ya mtu mwingine, kwa hiyo kila mstaafu alilishika kidogo, akapigwa picha, akampa mwenziwe. Mgeni wa wafadhili alisimama akapiga makofi. Alisema, kupitia kwa mkalimani, kwamba amezunguka dunia na hajaona viongozi wakweli kama hawa, na kwamba Tume itaongezewa msaada. Kwa kuwa ndiye pekee wa daraja la kwanza aliyebaki meza kuu, Mzee Pandu akawa Mwenyekiti. Alikubali, akauliza miwani yake iko wapi.

Mjini habari haikuleta mshangao mkubwa. "Sie hayo tulikuwa tukiyajua," walisema watu kwenye kahawa, "ila tulikuwa hatuna takwimu."

Bwana Masoud alirudi nyumbani, akaanza maisha ya kustaafu. Jina lake halikutajwa tena dirishani, kwani jina la mstaafu halimpitishi mtu foleni, na katika taarifa iliyofuata Sumaiya aliandika kwamba mgonjwa huyo amepata nafuu isiyo ya kawaida. Kitaalamu alikuwa amepona. Ila nyumbani alikuwa halali. Alikuwa akijigeuza kitandani, akikisikia kicheko kile cha nyuma ya ukumbi, na akikiona kile chumba chenye upepo ambamo sasa hakuna mtu, kwa kuwa Mwenyekiti mpya alikuwa hakumbuki ngazi za kukiendea.

"Nenda kwa daktari," Bi Rasha alimwambia. "Unanigeuzageuza na mie kama chapati."

Akaenda. Daktari akamwandikia dawa ya usingizi, ya kwanza aliyoandikiwa kwa haki tangu azaliwe. Alifika Mlangokuu jua limeshakuwa kali. Foleni ilikuwa imepita kona ya uchochoro na kupotelea mtaa wa pili. Alikwenda moja kwa moja dirishani, kama miguu ilivyozoea, akapitisha cheti kati ya nondo.

"Bwana Masoud," alisema Bi Mwanamkasi, kwa upole mkubwa. "Foleni, baba."

Aliona aibu, lakini hamu ya usingizi ilimshinda nguvu. Aliinamia dirisha, akashusha sauti.

"Nimetumwa na Mzee Pandu."

Bi Mwanamkasi alitoa mkono nje ya nondo, akaonyesha barazani, kwenye kona, na mtaa wa pili usioonekana.

"Sasa na wote hao wamesimamia nini?" alisema. "Wametumwa na Mzee Pandu."